Shoki Ngumu Si Shoki Nzuri

Wasee wa nduthi, kwani nani alituambia shoki nzuri ni ile ngumu? Mtu akitaka kubadilisha shoki za nyuma za Boxer anauliza kitu moja tu: itabeba? Anataka kupakia watu watatu na gunia juu. Sheria ya trafiki inasema abiria ni mmoja, lakini hiyo nyote mnaijua, tuendelee.

Spring kazi yake ni kubeba uzito. Kutuliza ile kurukaruka ni kazi ya oili iliyo ndani. Oili ikiisha halafu uongeze spring ngumu, nduthi inadunda kama mpira. Tairi inaachana na lami katikati ya kona, breki ya nyuma inashika hewa, na mgongo wa abiria ndio unalipa. Saa zingine huyo abiria ni mama mjamzito anaenda kliniki. Hapo ndio mimi hukasirika.

Na zile za kachupa kekundu kando? Zingine hazina gesi yoyote, ni urembo.

Kabla utoe pesa, zungusha ile ringi yenye ngazi kwenye spring, ipande hatua moja. Ni bure. Ukiona oili imetapakaa kwenye rodi, sasa nunua, zote mbili, na zipimwe tundu hadi tundu zilingane na za zamani. Zikiwa ndefu, mkia unainuka, cheni inabadilika ukazo na stendi ya kando inalaza nduthi vibaya. Fundi akikuambia "itaingia tu", muulize hiyo cheni ataipima saa ngapi.