Tusiufunge uchunguzi kwa "kosa la rubani"



Ndege ikianguka popote duniani, hukumu hutoka pale Jaws Corner, kijiwe chetu cha Mji Mkongwe, Unguja, kahawa haijapoa: rubani kakosea. Toleo hili tumeliandaa kuipinga hukumu hiyo. Marubani wanakosea, hilo halina ubishi. Lakini anayeishia hapo ameiacha kazi njiani, na atakayelipa ni abiria wa kesho.

Tarehe 15 Januari 2023, ATR 72 ya Yeti Airlines ilikuwa inakaribia kutua Pokhara, Nepal. Rubani mmoja alitakiwa ashushe flapi, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoiwezesha ndege kwenda polepole bila kuanguka. Mkono wake ukashika vishikio vya jirani, vya rafadha (propela), akavivuta. Injini zikawa zinazunguka, lakini rafadha haziivuti tena ndege. Watu wote 72 waliokuwamo walikufa. ATR ni familia ileile ya ndege ambazo Precision Air hutua nazo hapa kwetu, uwanja wa ndege wa Kisauni.

Vishikio vya kuchanganya haviko Nepal tu. Ukija Unguja kwa ndege ndogo ya Caravan kutoka Dar es Salaam, na ukabahatika kupewa kiti cha mbele ubavuni mwa rubani, tazama hapo katikati. Vishikio vimepangwa bega kwa bega: cha nguvu ya injini, cha rafadha, cha mafuta, kisha cha flapi. Cha mafuta kikivutwa hadi mwisho, injini inazima. Safari yenyewe ni kama dakika 20, na rubani anaweza kuirudia mara kadhaa kwa siku, hadi mkono uende wenyewe bila kuulizwa.

Dawa ya kuchanganya vishikio haikuanza leo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliulizwa kwa nini marubani wa Marekani wa ndege za mabomu za B-17 walikuwa wakikunja magurudumu wakati ndege imeshatua. Akakuta swichi ya magurudumu na ya flapi zinafanana na zimekaa pamoja. Hakumlaumu mtu. Alishauri zitofautishwe kwa umbo, kidole kijue kimeshika nini hata gizani. Ndiyo maana mpaka sasa, kwenye ndege za abiria, kishikio cha magurudumu kina kichwa cha mviringo kama gurudumu dogo.

Afrika Mashariki nayo imelipia mkanganyiko kati ya rubani na vyombo vyake. Tarehe 30 Januari 2000, Airbus A310 ya Kenya Airways ilipaa usiku kutoka Abidjan, mara ikalia sauti ya kuonya kwamba ndege inapoteza uwezo wa kuelea. Haikuwa kweli. Rubani akaitii, akainamisha pua, na chini palikuwa bahari. Wakafa 169 kati ya 179. Miaka saba baadaye, 5 Mei 2007, Boeing ya shirika hilohilo ilianguka kwenye mikoko ya Douala na kuua wote 114. Nahodha aliamini mtambo wa kujiendesha umewashwa, kumbe haukuwashwa, na mwenzake hakuhakikisha.

Rubani hana budi kuamini anachoambiwa na vyombo, na anayefanya viaminike ni fundi. Hapa kwetu kazi ya fundi ni nzito zaidi. Chumvi inayokula mabati na mageti ya Mji Mkongwe ndiyo inayokula nyaya na viungo vya ndege, na injini zinazoshinda pwani zinahitaji kuoshwa kwa maji safi kila mara. Kazi hiyo inataka muda, ilhali ndege iliyosimama haiingizi pesa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo hatari yetu kubwa ilipo.

Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyafungia anga yake mashirika yote ya ndege yaliyopewa leseni Tanzania. Wengi walikereka, nami nikakereka. Lakini sababu zilizotajwa ni za kikazi: uhaba wa wataalamu na usimamizi dhaifu wa urukaji na wa uzima wa ndege. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano; mamlaka inayousimamia, yaani Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), ni moja kwa Bara na Visiwani. Kwa hiyo deni hilo ni letu pia.

Tunaiomba Wizara ya Uchukuzi itoe ripoti za ajali kwa Kiswahili, nzimanzima, na imlinde fundi au rubani anayeripoti kosa lake kabla halijaua. Na wewe unayefanya kazi hiyo Kisauni, tuandikie uliyoyaona. Jina lako hatutalichapa.