Watoto Kurusha Sarafu Darasani: Je, Ni Kamari?



Wazazi kadha wa kadha wamefika ofisini parokiani wakinung'unika. Watoto wao wamerudi kutoka shule wakisema mwalimu amewarushisha sarafu mara hamsini. Mama mmoja akauliza, "Je, mwanangu anafundishwa kamari?" Swali lake ni la haki, maana hapa Ifakara yale madubwi ya vijana yamekwisha kumeza sarafu nyingi za mia mbili zilizotumwa dukani kununua chumvi. Nami nilimjibu: La, mama, hiyo si kamari, bali ni dawa yake. Kura yenyewe si dhambi. Hata Mtume Mathia alipatikana kwa kura.

Mwalimu afundisha hesabu ya uwezekano, tena kwa mikono. Sarafu ina pande mbili, kwa hiyo kila mtu husema nusu kwa nusu. Lakini rusha mara 10, usishangae kupata kichwa mara 7, au mara 3. Mwalimu mmoja wa hesabu wa Afrika Kusini, John Kerrich, alizuiliwa huko Denmark baada ya Wajerumani kuiteka nchi ile mwaka 1940. Akiwa kizuizini alirusha sarafu mara 10,000. Katika mara 100 za kwanza alipata kichwa mara 44. Zilipotimia 1,000, kichwa mara 502. Mwisho wake 5,067. Mara chache zayumba, mara nyingi zatulia.

Sasa chukua kizibo cha soda. Kitaanguka mdomo juu au mdomo chini? Hapo kufikiri peke yake hakutoshi. Sharti urushe, uandike, uhesabu.

Nasi wakulima wa bonde la Kilombero twaifanya hesabu hiyo bila kuijua kwa jina. Kabla ya kupanda mpunga, hesabu punje 100 za mbegu bila kuteua zile nzuri tu (huko ni kujidanganya mwenyewe), uzifunge katika kitambaa kibichi, kisikauke. Baada ya siku saba hata kumi hesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, mbegu yafaa. Zikiwa 50, tafuta nyingine, au uongeze mbegu shambani. Punje 5 hazikupi habari ya kuaminika, kwa sababu ile ile ya sarafu. Mkabidhi mtoto kazi hii, naye ataifanya kwa bidii kuliko wewe.

Mchezo ninaoupenda zaidi ni wa maharage. Tia mfukoni maharage 10, meupe 9 na jekundu 1. Baba awe mwenye mashine. Kila mtoto apewe punje 30 za mahindi. Kuchomoa mara moja bila kutazama ni punje 1. Akitoa jekundu alipwe punje 6. Harage lirudishwe, mfuko utikiswe.

Huenda mmoja akapata jekundu mapema, akaruka kwa furaha. Mwacheni aruke, ila endeleeni. Jumlisheni za nyumba nzima: katika kila mara 100, jekundu hutoka kama mara 10 hivi. Basi baba amepokea punje 100, amelipa kama 60. Wala hakuiba, hakufanya hila; amekaa tu na mfuko wake. Kisha mwulize aliyekosa mara 15 mfululizo, je, sasa jekundu limekaribia? Wengi watasema ndiyo, na hapo ndipo vijana wetu wanapopotea. Mfuko hauna kumbukumbu. Mara ya 16 ni moja katika kumi, sawa na mara ya kwanza.

Na wewe uliyeruhusu dubwi likae barazani pako, ujue kwamba Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 yamkataza asiyetimiza miaka 18 kulicheza, hata akija na sarafu yake mkononi.