Mtoto anaumwa kichwa kila siku? Angalia na waifai ya nyumbani

Mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa kidato cha pili akiwa na bahasha nene ya vipimo. Malaria hakuna. Damu haijapungua. Macho yamepimwa, yako sawa. Hata hivyo kijana alikuwa akiumwa kichwa karibu kila siku, anasinzia darasani na alama zake zimeshuka. Mama alitaka nimwandikie CT scan ya kichwa.

Nilimuuliza kijana analala saa ngapi. Mama akawahi kujibu: "Saa tatu na nusu yuko kitandani, dokta. Taa nazima mimi mwenyewe." Kijana akainama, akatazama viatu vyake.

Nilimpima upya, sikuona dalili ya hatari. Nikawauliza kama wana waifai nyumbani. Walikuwa nayo. Nikaomba baba asome matumizi ya mtandao kabla ya kulala na tena alfajiri, kwa wiki mbili, na kijana aambiwe. (Nimebadilisha mambo machache ili familia hiyo isitambulike.)

Waliporudi, jibu lilikuwa kwenye daftari. Siku za mwanzo, kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, simu ya kijana ilikuwa ikila zaidi ya GB 2. Hakubisha. Taa ikizimwa, yeye huwasha simu chini ya shuka, anaangalia video hadi saa nane.

Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa siku. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Piga hesabu: mtoto anayeamka saa kumi na moja kuwahi basi la shule anapaswa awe amelala saa tatu usiku. Akilala saa nane amepata saa tatu tu. Katika umri wa kubalehe mwili wenyewe huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoleta usingizi, na mwanga wa simu karibu na macho huichelewesha zaidi. Usingizi mzito ndio wakati homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi na ubongo hupanga yale uliyojifunza mchana. Ukikosekana, kichwa huuma, hasira huwa karibu na masomo hayakai.

Ndiyo maana nasema mzazi mwenye waifai nyumbani ajue kusoma matumizi yake, kama anavyosoma mita ya maji. Si kazi ya wataalamu peke yao.

Geuza ruta yako. Chini au nyuma kuna kibandiko chenye namba, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na jina na nywila ya kuingilia. Ukiwa umeunganishwa na waifai hiyo, andika namba ile mahali unapoandika anwani ya tovuti. Ukishaingia, badilisha nywila, kwa sababu watoto nao wanaweza kusoma kibandiko. Kisha tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uvipe majina: simu ya baba, simu ya mama, televisheni, simu ya mtoto.

Ruta nyingine huonyesha kila kifaa kimetumia kiasi gani. Andika hesabu unapolala, andika tena unapoamka, kisha toa. Kama yako haionyeshi, fundi wa kompyuta anaweza kuweka programu huria ya OpenWrt, ikiwa aina ya ruta yako inaikubali, na kuongeza kihesabio kiitwacho nlbwmon kinachojumlisha matumizi ya kila kifaa. Usijaribu mwenyewe kama hujui, maana ruta inaweza kufa. Na ikiwa ni mali ya kampuni inayokupa mtandao, uliza kwanza.

Sasa tahadhari, kwa sababu nimeona mtoto akiadhibiwa bila kosa. Data ya usiku si lazima iwe ya mtu aliye macho. Simu hujisasisha zenyewe usiku, hupakia picha, na WhatsApp huhifadhi nakala. Usiku mmoja si ushahidi. Angalia wiki mbili. Pia simu nyingi za kisasa huweza kuficha anwani yake halisi, hivyo simu ileile ikaonekana kama mgeni. Na mtoto mwenye bando lake haonekani kabisa kwenye ruta.

Kwa hiyo kichukulie kipimo hiki kama kipimajoto. Kinakuambia kuna homa, hakikuambii ni malaria au nimonia. Ukishaiona homa, unakaa na mgonjwa na kumuuliza.

Hapa ndipo sikubaliani na baadhi ya wazazi wenzangu. Wapo wanaosema, "Nyumba yangu, waifai yangu," wakaweka kipimo kimyakimya na kungoja kumfumania mtoto. Wengine huenda mbali zaidi, wakasoma na meseji zake. Mtoto aliyefumaniwa hivyo hujifunza jambo moja tu: kujificha vizuri zaidi. Na siku akitumiwa picha chafu au kutishwa na mtu mtandaoni, hatakuja kwako. Pima muda na kiasi, usifukue mazungumzo, na mwambie kabla hujaanza.

Nilipoanza kwangu, binti yangu wa miaka 14 alikubali kwa sharti moja: simu zote ziandikwe, na ya mama pia. Asubuhi ya kwanza, simu iliyokuwa imetumia zaidi usiku ilikuwa yangu. Nilijitetea kwamba ni makundi ya kazini. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa haikuwa kazi, na binti alijua. Tangu siku hiyo, ikifika saa tatu usiku simu zote huchajiwa sebuleni. Yangu nikiwa zamu ya kuitwa huachwa na mlio tu, ikiwa mezani.

Yule kijana naye familia yake ilikubaliana hivyohivyo, baba akiwemo. Baada ya mwezi na nusu kichwa kilikuwa kikimuuma mara moja moja, na walimu waliacha kumwamsha darasani. CT scan hakuihitaji.

Lakini usiisingizie waifai kila ugonjwa. Mpeleke mtoto hospitali mara moja kama maumivu ya kichwa yanamwamsha usingizini, anatapika asubuhi, haoni vizuri, amelegea upande mmoja, amepata degedege, au ana homa na shingo iliyokakamaa. Hayo hayasubiri wiki mbili za daftari.

Kama hana dalili hizo, anza leo jioni. Geuza ruta, soma namba, mwite mwanao akae pembeni yako mnapofungua ile orodha. Na jina la kwanza kuandika liwe la simu yako.