UCHANGANUZI: Miale ya antimata yasaka chembe inayoweza kutikisa fizikia

TANGU mwaka wa 2016, wanafizikia wamegawanyika kuhusu madai yaliyotoka mji wa Debrecen, Hungaria. Attila Krasznahorkay na wenzake waliripoti kuwa viini vya beriliamu vilipotoa nishati, jozi za elektroni na pozitroni zilizotengana kwa pembe pana zilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Walihitimisha kuwa huenda kuna chembe mpya, nzito mara 33 hivi kuliko elektroni. Ikapewa jina X17.

Uzito wa madai hayo si haba. Fizikia inatambua nguvu nne tu za kimsingi. Iwapo X17 ipo, huenda ni mjumbe wa nguvu ya tano, na pengine mlango wa kuielewa mata nyeusi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mata yote ulimwenguni.

Hata hivyo, wakosoaji wanahoji: je, kasoro haiwezi kuwa katika uelewa wetu wa viini vyenyewe?

Hapo ndipo umuhimu wa maabara ya Frascati, karibu na Roma, unapodhihirika. Katika jaribio la PADME, pozitroni, ambazo ni elektroni za antimata, hurushwa kwenye kipande chembamba cha almasi. Pozitroni ikikutana na elektroni, zote huangamia, na nishati yao yaweza kuzaa chembe nyingine. Hivyo, fumbo la kiini cha beriliamu linaepukwa kabisa. Mwaka wa 2022 watafiti walibadilisha nishati ya miale hatua kwa hatua karibu na elektronivolti milioni 283, mahali ambapo X17, ikiwapo, ingepaswa kujitokeza kwa wingi.

Matokeo yaliyotolewa 2025 yalionyesha ongezeko dogo karibu na uzito unaodaiwa. Lakini uthabiti wake ulikaribia daraja la 2 tu, ilhali ugunduzi hutangazwa ukifika 5. Nako Uswisi, jaribio la MEG II, lililotoa matokeo yake 2024, halikupata dalili ya maana, ingawa halikuifutilia mbali X17.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Anayetaka kuongeza nguvu ya tano katika vitabu vya fizikia hana budi kupima tena na tena, hata kama jibu litakuwa kwamba hakukuwa na kitu.