Siti Moja Bado!

Mwezi huu naongea na nyie wa ndoa za wikiendi: mmoja yuko Dar, mwenzake kapangiwa kazi Kibiti, na katikati kuna zaidi ya kilomita 100 za Barabara ya Kilwa. Basi lipo, lakini wengi mnapenda gari ndogo ya kuchangia. Je, inalipa kweli?

Mimi nasema inalipa pale wote mnapokwenda sehemu moja, muda mmoja. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa kusini walisubiriana kwenye kivuko cha Mto Rufiji. Kule delta mpaka leo, boti ya kwenda vijiji kama Mbwera haina mambo ya "nipitie nyumbani". Mnakutana bandarini, maji yakijaa mnaondoka, mchele, kuku na bibi harusi humohumo. Bahari ndiyo ratiba, kwa hiyo kila mtu anawahi.

Mjini ndipo kasheshe inapoanza. Tangu Uber ilipoingia Dar mwaka 2016, tumezoea kushushwa mlangoni. Sasa changanya abiria wa Sinza, Tabata na Mbezi kwenye teksi moja! Wa mwisho atakuta chakula kimepoa na mwenzake kanuna. Alichookoa kwenye nauli kakilipa kwa muda.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Shukeni wote Mbagala Rangi Tatu, halafu kila mtu na bajaji yake. "Siti moja bado" ikizidi nusu saa, inunueni: kama nauli ni 12,000, watatu mkichanga ni 4,000 tu kila mmoja. Mkibanwa wanne siti ya nyuma, shuka mwenzangu. Anayekusubiri anakutaka mzima kuliko anavyokutaka mapema. Na namba ya gari mtumie kabla hamjaondoka.

Na wewe unayesubiri nyumbani, punguza simu za "umefika wapi?" kila dakika tano. Gari kutojaa siyo kosa la mtu. Ila kama kila Ijumaa gari "haijajaa" mpaka saa nne usiku, mmh, hapo kaeni chini muongee, maana tatizo siyo gari tena.

Tukutane mwezi ujao. Safari njema!