Katuni ya Kwanza Ianze kwa Sikio

Kuna hoja moja iliyokwisha kuota mizizi miongoni mwa waongozaji filamu wa mwambao, nayo yafaa ing'olewe kabla haijawa mti. Hoja yenyewe ni kwamba filamu ya uhuishaji, ile ambayo wengi huiita katuni, ni kazi ya jicho. Kwamba mwongozaji anayetaka kutengeneza yake ya kwanza sharti atafute kwanza wachoraji, kompyuta na programu, kisha maneno yatafutiwe nafasi baadaye. Wanaoishikilia si wanafunzi. Ni watu wa kazi, wenye miaka yao katika tamthilia, maharusi na matangazo. Ndiyo maana kosa lao lina madhara makubwa, kwani kosa la fundi hurithiwa na wanagenzi wake.

Ukweli wa kazi hiyo ni kinyume. Katika uhuishaji, mazungumzo kwa kawaida hurekodiwa kabla ya mchoro. Mchoraji husikiliza, huhesabu pumzi za msemaji, kisha huchora mdomo, bega na jicho kwa kulifuata neno. Katika sekunde moja ya filamu hupita picha 24. Hata pale mchoro mmoja unaposhikiliwa kwa picha mbili, bado yahitajika michoro 12. Filamu ya dakika 5, basi, ni michoro 3,600. Lugha iliyorekodiwa mwanzo ndiyo inayoutawala mwili wa mhusika. Lugha iletwayo mwisho huwa mpangaji katika mdomo wa mwenziwe: hurefushwa pale mdomo ulipobaki wazi, hukatwa pale ulipofumba.

Hapo ndipo Kiswahili kinapodhulumiwa. Mwaka 2010 ulianza kuonyeshwa mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro unaobeba jina la Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Wachoraji wa Afrika Mashariki walifanya kazi nzuri, wala hakuna sababu ya kuibeza. Lakini wahusika walizaliwa wakisema Kiingereza. Rangi zilikuwa za mwenyeji, ulimi ukawa wa mgeni. Mwongozaji wa mwambao anayeifuata njia hiyo katika filamu yake ya kwanza, kwa kutumaini soko la mbali, anaweka rehani kitu ambacho huenda asiweze kukikomboa.

Aende wapi, basi? Aende, kwa mfano, Mbwera, katika delta ya Rufiji, upande ambao leo ni Wilaya ya Kibiti. Msomaji wa visiwani asidhani kuwa huko ni ugenini. Mikoko ya delta hiyo ilikatwa boriti zilizovushwa kwa majahazi, na zipo zinazoshikilia dari za Mji Mkongwe hadi leo. Lakini dunia ikiitaja Rufiji, huitaja meli. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha humo mwaka 1914, ikazamishwa Julai 1915. Na tangu hapo vitabu vimehesabu mizinga yake kwa uangalifu kuliko vilivyohesabu watu waliokuwa wakilima mpunga kando yake. Filamu ya Shout at the Devil ya mwaka 1976, iliyochota kutoka kisa hicho, ilipigwa Malta na Afrika Kusini. Delta ikasimuliwa pasipo delta.

Hii ndiyo sababu ya kutumia uhuishaji badala ya kamera. Kamera haiwezi kumwonyesha mtu aliyekufa bila kupigwa picha, kalamu inaweza. Wenyeji wa Mbwera na vijiji jirani, ambao vita vya wengine vilifika mlangoni mwao, wanaweza kurudishiwa sura kwa mchoro na kwa njia hiyo peke yake.

Watajibu kwamba Mbwera hakuna studio. Siku ya kwanza haihitajiki studio. Chahitajika kinasa sauti na subira. Mwongozaji arekodi kasia linavyopiga maji ya mkondo, tope linavyonyonya mguu maji yanapokupwa, na mlinzi wa mpunga juu ya dungu akiwafukuza ndege. Amrekodi bibi akisimulia yale aliyosimuliwa na wazazi wake, wala asimharakishe. Amwombe idhini, amlipe, na amtaje mwishoni mwa filamu kama anavyotajwa mchoraji. Kisha arudi mezani, achore kile alichokisikia.

Watajibu tena kwamba filamu ya namna hiyo haitafadhiliwa, kwa kuwa mfadhili hutaka ujumbe: vyandarua, maji safi, mikoko isikatwe. Ujumbe una heshima yake, lakini filamu iliyoandikwa kwa ajili ya fomu ya maombi hukaa kama fomu. Ng'endo Mukii wa Kenya, katika Yellow Fever ya mwaka 2012, alizungumzia uchubuaji wa ngozi, jambo linalokaribisha mahubiri. Yeye akategemea sauti za mazungumzo ya kweli, akawaacha watu waseme. Na Jean-Michel Kibushi wa Kongo, mwaka 1991, alitumia karatasi zilizokatwa kuhuisha ngano ya Watetela ya chura aliyekwenda ukweni. Hakungoja mitambo ya gharama. Alikuwa na ngano, mkasi na kipimo.

Neno kipimo lisipitwe haraka. Katika nyumba kongwe za mwambao, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Fundi hakulia kwamba mti ni mfupi. Alijenga chumba chembamba kikasimama karne. Filamu ya kwanza nayo ipimwe kwa mkono uliopo. Dakika 3 ni michoro 2,160, na ni kazi nyingi ya kutosha. Anayeanza na ndoto ya dakika 90 hujenga kuta asizoweza kuziezeka.

Lawama hii haiwaishii waongozaji. Washairi nao wamejitenga na katuni wakidhani ni mambo ya watoto, ilhali wao ndio wenye elimu inayokosekana humo. Anayejua kulipa shairi lake mizani 16 katika kila mshororo, vina visipwaye, anajua tayari kulipa neno muda wake na kunyamaza panapostahili. Kompyuta hufundishwa kwa miezi. Sikio hulelewa kwa miaka. Mwongozaji abishe hodi kwa mshairi kabla hajabisha kwa muuza kompyuta, na mshairi asimwache barazani. Wakichelewa wote wawili, Mbwera itachorwa hata hivyo, na wasioijua, na watu wake watafunguliwa midomo waseme wasiyoyasema.