Nishati Safi ya Kupikia na Baridi ya Upareni

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni lengo jema na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na neno moja lililomo katika jina lake: kupikia. Waandishi wake waliutazama moto wa Mtanzania wakaiona sufuria iliyo juu yake. Watu walioketi kuuzunguka hawakuwaona.

Anayepita Same kwa barabara ya Tanga na Moshi huiona nchi kavu ya miiba na mikonge, akashangaa kusikia kwamba wilaya hiyo ina watu wanaoteswa na baridi. Na apande basi. Kilele cha Shengena kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 mtu apandapo. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka Chome na vijiji jirani, nguo hazikauki, na wazee hawatoki nje hadi jua lionekane, kama litaonekana. Nyumba nyingi ni za matofali na bati, hazina dari, na upepo huingia kati ya ukuta na paa. Katika nyumba kama hiyo moto wa mafiga hupika, hukausha mahindi na kuni, na huwapasha watu joto jioni nzima. Kazi hii ya mwisho haimo katika hesabu za Dodoma.

Sasa umpe mama wa mlimani mtungi wa gesi wa kilo 6. Ataupokea kwa shukrani na kuchemshia chai ya alfajiri, kwa kuwa mama huyo si mjinga na anajua kuni zinavyovunja mgongo. Lakini gesi huzimwa chai ikiiva. Jioni moto utawashwa kama kawaida, na ofisa anayehesabu mitungi iliyogawiwa atamwandika mama huyo miongoni mwa waliokwisha kuhama. Takwimu za namna hii hupendeza sana katika hotuba za bajeti.

Lipo jambo zito zaidi. Pale ambapo kuni zimeadimika au jiko limetengwa na nyumba ya kulala, joto huletwa chumbani kwa jiko la mkaa. Julai iliyopita nililala Chome, msibani. Usiku bibi mwenyeji wetu alituletea jiko chumbani, makaa yakiwa mekundu kabisa. Nilipoomba litolewe alihuzunika. “Mwanangu, nimelisubiri mpaka moshi umekwisha. Mtalalaje na baridi hii?” Maarifa yake kuhusu moshi yalikuwa sahihi. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo makaa huendelea kuitoa hata yanapong'aa bila moshi. Hewa hiyo hujishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala hupoteza fahamu kabla ya kutambua kwamba anadhurika. Habari za familia kukutwa zimefariki chumbani pamoja na jiko si ngeni katika magazeti yetu, na husomwa kama ajali za uzembe. Mimi naziona ni vifo vya makazi duni.

Katika hali hiyo yanakuja makaa ya mawe. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linatengeneza vitofali vya makaa ya mawe ya Kiwira viitwavyo Rafiki, vinavyotangazwa kuwa mbadala wa kuni na mkaa. Kwa miti ya tambarare ya Same, inayogeuzwa mkaa kila siku, hilo linaweza kuwa nafuu. Lakini kitu kinachowaka polepole na kwa muda mrefu ndicho hasa mtu wa mlimani atakachotamani kulala nacho. Mongolia ilipiga marufuku makaa ya mawe ghafi katika mji mkuu wake, Ulaanbaatar, Mei 2019, ikaleta vitofali vilivyoboreshwa ili kupunguza moshi wa majira ya baridi. Miezi michache baadaye watu kadhaa walifariki kwa kaboni monoksaidi majumbani. Na wale walikuwa na majiko ya chuma yenye mabomba ya moshi. Sisi tunazungumzia jiko la bati lililo wazi.

Jiko la kupasha nyumba joto kwa makaa ya mawe ni chombo kingine kabisa. Lina mlango unaofungwa, wavu wa chuma wa kushikilia makaa, tundu la kuingizia hewa chini yake, na bomba linalopanda hadi juu ya kilele cha paa, likikingwa lisiguse boriti. Bomba likiziba kwa masizi, sumu hurudi ndani, hivyo lazima lisafishwe. Kwa maoni yangu, kuyasafirisha makaa kutoka Kiwira, karibu na mpaka wa Malawi, hadi milima ya Upare ili kupasha vyumba joto ni anasa isiyo na sababu. Dari, ukuta uliozibwa vizuri, na jiko la kuni chache lenye bomba la moshi, likilishwa kwa matawi ya migrivea ya shambani, vingefanya kazi hiyo kwa mkono wa fundi wa kijijini.

Ndugu zangu mlioko halmashauri na wizarani, kwanza neno “joto” liingizwe katika mipango ya wilaya zenye miinuko, na fedha za ruzuku ziruhusiwe kununua dari na bomba, si mitungi tu. Pili, kila mfuko wa vitofali uandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, kwamba visiwashwe katika chumba cha kulala. Tatu, vifo vya aina hii viorodheshwe wilaya kwa wilaya, pamoja na maelezo ya chumba chenyewe: kilikuwa na dirisha au hakikuwa nalo. Hili la tatu halihitaji mfadhili, na linaweza kuanza kabla ya Juni.